Taa ya Injini Ikiwaka Kwenye Gari la Dizeli: Namna ya Kuisaka Hitilafu Kabla ya Kununua Spea

Barabara ya kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda Arusha huipima injini ya dizeli vizuri kuliko mashine nyingi za gereji. Uwanja wa ndege uko chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini ni karibu mita 1,400, na tofauti hiyo yote hupandwa ndani ya kilomita zisizofika 50 kupitia Kikatiti, Usa River na Tengeru, mara nyingi gari likiwa na mzigo na dereva akitafuta nafasi ya kulipita lori. Hapo ndipo pampu inapodaiwa mafuta mengi mfululizo, na hapo ndipo taa ya njano yenye umbo la injini inapowawakia watu ambao asubuhi hiyo hiyo walizunguka Moshi mjini bila kuona tatizo lolote. Pikapu yangu, Toyota Hilux yenye injini ya D-4D, dizeli ya Toyota inayoongozwa na kompyuta, iliniwakia taa hiyo nikiikaribia Usa River, ikapungua nguvu hadi bodaboda zikawa zinanipita, na kabla haijapona nilikuwa nimeshatanguliza fedha za pampu ya mtumba ambayo gari halikuihitaji. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ambao ningeufuata siku ile kama ningekuwa naujua.

Tazama rangi kwanza

Taa nyekundu hukutaka usimame. Ile ya oili, yenye umbo la birika dogo linalodondosha tone, ikiwaka injini ikiwa inanguruma, zima gari hapo hapo pembeni ya barabara. Usijiambie kwamba utafika kituo kinachofuata, kwa maana injini isiyo na presha ya oili hujisaga yenyewe kwa dakika chache. Ya joto la maji ni vivyo hivyo. Ya betri watu huidharau wakidhani ni suala la chaji tu, na hapo mwenye dizeli anapaswa kuwa makini zaidi ya mwenye petroli: katika baadhi ya injini za dizeli, zikiwemo Toyota nyingi za zamani, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta, hivyo mkanda ukikatika unapoteza chaji pamoja na wepesi wa breki, na pedali inakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Kwa anayeteremka kutoka Marangu au kutoka kingo za Ngorongoro hilo si jambo dogo.

Taa ya njano inakupa muda, ilimradi gari halitoi moshi usio wa kawaida, haligongi na halizimiki lenyewe. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, fika mahali salama.

Kuna taa mbili ambazo huchanganywa na ya injini. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa T-BELT kwenye Toyota za dizeli, ambayo haisemi kwamba kitu kimeharibika bali kwamba umefika wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi, kwa kawaida kila kilomita 100,000 au 150,000 kutegemea injini. Taa hii huhesabu kilomita tu. Kwa kuwa magari mengi yanayoingia nchini yameshatumika, na kilomita za baadhi yake zimerudishwa nyuma, mimi hushauri mkanda ubadilishwe mara tu gari linaponunuliwa bila kuisubiri taa, kwani ukikatika katika injini kama 1HZ ya Land Cruiser valvu hugongana na pistoni. Ya pili ni ya hita plagi, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha; ina umbo la waya uliojikunja, ambayo huwaka swichi inapowashwa na kuzimika plagi zikishapata moto. Katika magari ya dizeli ya Volkswagen taa hiyo hiyo ikianza kupepesa gari likiwa mwendoni, inamaanisha kuna hitilafu kwenye mfumo wa injini na gari linatakiwa kupimwa.

Kabla hujaendelea, zungusha ufunguo hadi kwenye ON bila kuwasha injini. Taa zote za tahadhari zinatakiwa kuwaka, kisha nyingi zizimike zenyewe au injini inapowaka. Kama ya injini haiwaki kabisa katika hatua hiyo, huenda balbu imeungua, au kuna mtu ameing'oa ili auze gari. Jaribio hili halichukui hata nusu dakika, na ni la kwanza ninalolifanya ninapoombwa na ndugu au jirani nimsaidie kukagua gari analotaka kununua.

Andika ulichokiona

Chukua daftari au simu na uandike hali ilivyokuwa taa ilipowaka: gari lilikuwa linapanda au liko tambarare, injini ilikuwa ya baridi au ya moto, moshi ulikuwa mweusi, mweupe au wa bluu, nguvu ilipungua ghafla au kidogo kidogo, na mara ya mwisho uliweka mafuta lini na wapi. Fundi atakuuliza mambo haya, na asipouliza mweleze mwenyewe. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, kwa hiyo msako uanzie upande wa filta ya hewa, mipira ya turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, na nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya silinda. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi ni mafuta yasiyoungua, na asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha mara nyingi chanzo chake ni plagi ya hita iliyokufa. Wa bluu ni oili. Gari likipoteza nguvu mlimani bila moshi wowote, shuku kwanza kwamba mafuta hayafiki injini kwa kiasi kinachotakiwa.

Fungua boneti kabla ya kutafuta kompyuta

Anza na betri. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima husoma kati ya volti 12.4 na 12.7, na injini ikiwaka inatakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Umeme ukiwa mdogo, au terminali zikiwa zimelegea na kuota unga mweupe, kompyuta ya gari inaweza kurekodi hitilafu za sensa ambazo zenyewe ni nzima.

Kisha toa filta ya hewa na uigonge taratibu chini. Anayetoka Simanjiro, Loliondo au njia za vumbi za Monduli atashangaa. Fuata mipira mikubwa inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye kipoza hewa na kurudi kwenye injini. Pitisha mkono chini yake, upande usioonekana, kwa sababu mpasuko hupenda kujificha huko na huacha alama ya oili nyeusi yenye vumbi lililoganda. Angalia pia waya. Gari linalolala karibu na shamba la mahindi au ghala hutembelewa na panya, nao hutafuna ganda la waya bila kubagua wa sensa na wa taa. Chomoa na kuchomeka upya soketi za sensa unazozifikia, injini ikiwa imezimwa, na utazame kama ndani kuna kutu ya kijani au maji ya kuoshea gari.

Mara nyingi hitilafu huishia hapa. Nasema hivi kwa sababu gereji nyingi hufungua laptopu kwanza na boneti baadaye.

Soma kodi, na usiifute

Chini ya usukani, upande wa dereva, gari la miaka ya karibuni lina soketi yenye pini 16. Mashine ikichomekwa hapo husoma msimbo wa hitilafu, ambao mafundi huuita kodi. Skana ndogo zinazounganishwa na simu zinatosha kwa magari mengi, ingawa baadhi ya magari hayakubali kuzungumza nazo na yanahitaji mashine kubwa zaidi ya fundi umeme. Injini ya kimakenika kama 1HZ, iliyobeba watalii wengi wa ukanda huu kwenye Land Cruiser, haina kodi ya kusomwa. Mwenye nayo aende moja kwa moja kwenye sehemu ya filta hapa chini.

Kosa lililonigharimu mimi lilifanyika kwenye hatua hii. Fundi wa kwanza alichomeka mashine, akabonyeza kufuta, taa ikazimika, nikalipa na kuondoka nikiwa na furaha. Alipofuta kodi alifuta pia rekodi ambayo kompyuta huihifadhi hitilafu inapoingia: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo. Rekodi hiyo ndiyo ingetuambia kwamba hitilafu hutokea mlimani tu. Kwa hiyo omba kodi zote zipigwe picha kwa simu yako, pamoja na rekodi hiyo, kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe cha kufuta. Uliza pia kama kodi ipo sasa hivi au ni ya zamani iliyobaki kwenye kumbukumbu, maana gari lenye kodi sita mara nyingi lina tatizo moja tu jipya na masalia ya mafundi watano.

La pili la kukumbuka ni kwamba kodi hutaja kile sensa ilichokiona, haitaji kifaa kilichoharibika. P0087 husema presha ya mafuta kwenye reli, yaani bomba linalogawa mafuta kwa nozeli zote, ni ndogo kuliko ilivyoagizwa na kompyuta. Haisemi pampu imekufa. Fundi wangu wa pili alipoiona aliniambia, "Kaka, hapa ni pampu tu, hakuna kingine," na mimi nikamwamini kwa sababu maneno yake yalifanana na yaliyokuwa kwenye kioo cha mashine.

Presha ya mafuta ikiwa ndogo

Nakaa hapa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hitilafu hii ndiyo inayowachosha wengi wenye dizeli za kisasa, na ndiyo inayouza pampu nyingi zisizohitajika.

Onyo kwanza. Mafundi waliozoea injini za zamani hutafuta silinda isiyofanya kazi kwa kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inanguruma, na kusikiliza mlio unavyobadilika. Kwenye injini yenye reli ya pamoja, kama D-4D, usifanye hivyo na usimruhusu mtu afanye. Presha humo hupita bar 1,000 injini inapofanya kazi kwa nguvu, na hata injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, mifumo mingi huwa na kati ya bar 250 na 400. Mchirizi mwembamba wa presha hiyo hupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, lakini aliyepatwa nalo apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri maumivu.

Sasa filta. Fanya kazi hii asubuhi kabla gari halijatikiswa, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli na usiku kucha huwa yametuama chini. Weka chupa ya maji ya kunywa, ile ya plastiki inayoonyesha ndani, chini ya filta ya dizeli. Legeza skrubu ya chini taratibu, na kama filta ina pampu ya mkono juu yake, isukume hadi kinachotoka kijaze robo ya chupa. Funga skrubu, kisha simamisha chupa mahali pa wazi kwa dakika kumi. Chupa yangu niliiweka juu ya ukuta wa uzio. Mwanzoni ilikuwa na kitu kimoja tu cha rangi ya chai, halafu ukaanza kujichora mstari; juu dizeli ya manjano iliyong'aa, chini maji yenye ukungu, kina cha vidole viwili, yakiwa na chembe za kutu zilizokuwa zikishuka polepole. Mzee aliyenielekeza kufanya hivyo, fundi wa tatu, hakuwa na kompyuta. Aliitazama chupa na kusema, "Pampu yako unaionea bure."

Ukiona maji, endelea kutoa hadi itoke dizeli tupu, na kama tangi lina bolti ya kutolea uchafu chini, toa na huko pia. Kisha badilisha filta. Kwenye injini ya reli ya pamoja usijaze filta mpya kwa kumimina dizeli kutoka kwenye galoni, kwa sababu utakuwa umeingiza uchafu upande ambao tayari umeshachujwa. Paka ringi ya mpira dizeli kidogo, kaza filta kwa mkono, halafu tumia pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Chunguza waya wa sensa ya maji iliyo chini ya filta, maana hukatika kirahisi filta inapofunguliwa kwa haraka. Dizeli iliyomwagika uifute. Ikikaa kwenye mipira huilainisha na kuifupishia maisha.

Baada ya filta, tafuta hewa. Pampu ya mkono iliyokuwa ngumu jioni ikikutwa laini asubuhi, kuna mahali mfumo unavuta hewa kati ya tangi na injini. Unaweza kuunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu ya injini, ukawasha gari na kutazama: mapovu machache baada ya kubadilisha filta ni ya kawaida na huisha, lakini yakizidi kupita, kagua kila klipu kuanzia kwenye tangi. Kwangu mpira mmoja ulikuwa umepasuka chini ya klipu yenyewe, mahali ambapo jicho halifiki mpaka klipu iondolewe. Haukuvujisha hata tone, kwa sababu upande ule mafuta huvutwa, hayasukumwi.

Ikiwa filta ni mpya, maji hayapo na hewa haiingii, pimeni mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli. Kila nozeli hurudisha kiasi kidogo. Mabomba ya kurudisha yakielekezwa kwenye chupa nne zinazofanana kwa dakika moja au mbili, nozeli iliyochoka itajaza chupa yake haraka kuliko wenzake. Kama mabomba hayo yamefichwa chini ya kava ya injini, kazi hiyo mwachie fundi wa nozeli. Kinachofuata ni valvu ndogo iliyoko kwenye pampu yenyewe, ambayo mafundi huiita SCV, inayopima mafuta yanayoingia. Ikichoka, injini hupanda na kushuka mlio bila kukanyagwa na wakati mwingine huzima ghafla. Hubadilishwa bila kununua pampu nzima. Pampu iwe ya mwisho kabisa kushukiwa.

Kuhusu chanzo cha maji, usikimbilie kulaumu kituo cha mafuta. Tangi linalolala karibu tupu katika usiku wa baridi hutengeneza umande ndani yake, kwa hiyo ni vyema kujaza jioni badala ya asubuhi. Hata hivyo, ukikuta lori linashusha mafuta kituoni, pita uende kingine, kwani uchafu uliokuwa umetuama chini ya tangi lao unakuwa umetibuliwa. Na utunze risiti.

Kodi nyingine, kwa ufupi

P0299 ni turbo isiyotoa hewa ya kutosha; rudi kwenye mipira na filta ya hewa, kisha vipira vyembamba vya vakyumu, kabla ya kuifungua turbo. P0401 ni mtiririko mdogo wa EGR, njia inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzozi kwenye injini; mara nyingi imeziba masizi, na kusafisha hutosha. P0671 hadi P0674 hutaja hita plagi za silinda ya kwanza hadi ya nne. Pima kila moja kwa mita baada ya kutoa waya wake, na nzima huonyesha ukinzani mdogo sana, karibu na omu moja. Zifungue injini ikiwa na joto na bila kulazimisha, maana plagi ikikatikia ndani itabidi silinda hedi ifunguliwe.

P2002 inahusu DPF, chujio la masizi lililoko kwenye ekzozi, na inawagusa zaidi wenye Mazda CX-5 za dizeli ambazo siku hizi ni nyingi Njiro na Sakina. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na linahitaji joto la safari isiyokatika. Gari linalopeleka watoto shule na kurudi, likisimama Mianzini na Kilombero, halifikii joto hilo. Taa ya DPF ikiwaka bila kupepesa, toka nje ya mji kuelekea Makuyuni na uende mwendo usiokatika kwa dakika 20 hivi. Ikipepesa, usijaribu tena barabarani, lipeleke likapimwe. Kila wiki chomoa kijiti cha oili: dizeli ya kuchomea masizi huchanganyika na oili na kuiongeza, na kijiti cha Mazda hizo kina alama ya X juu ya ile ya F, ya kujaa. Oili ikifika kwenye X, ibadilishwe kabla ya safari. Kuna mafundi wanaojitolea kulitoboa chujio hilo na kulifuta kwenye kompyuta. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa kinachobaki ni moshi, na kilichokuwa kikilijaza masizi, iwe nozeli au EGR, kinakuwa hakijatengenezwa.

Futa kodi, kisha panda tena

Sasa ndipo kodi inapofutwa. Baada ya hapo irudie hali ile ile uliyoiandika mwanzoni: kama taa iliwaka mlimani gari likiwa na mzigo, kuzunguka mtaani hakuthibitishi chochote. Mimi nilipakia mifuko ya mbolea, nikashuka hadi KIA, nikageuza na kupanda tena nikiwa na mtu wa pembeni mwenye skana akisoma presha ya reli na kulinganisha iliyoagizwa na iliyopatikana. Namba hizo mbili zinatakiwa kwenda pamoja. Iliyopatikana ikibaki nyuma sana kila unapokanyaga, hitilafu bado ipo hata kama taa haijawaka, kwani baadhi ya kodi husubiri hitilafu ionekane katika safari zaidi ya moja. Baada ya wiki toa mafuta ya chini ya filta kwa mara nyingine kwenye chupa safi, uisimamishe kwa dakika zile zile kumi. Ikitoka dizeli tupu, rudi kwenye utaratibu wa kawaida wa kuitoa kila unapobadilisha oili.